Tupeane uzoefu: Alama ya barabarani iliyokufundisha udereva kwa vitendo

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu wa kike amepata leseni wiki iliyopita, daraja D, na Jumamosi anataka kuendesha mwenyewe kutoka Tabata hadi Kibaha kumsalimia shangazi. Alama za kwenye kitabu anazijua. Ukimuuliza, atakwambia pembetatu yenye ukingo mwekundu inatahadharisha, duara lenye ukingo mwekundu linakataza, duara la bluu linaamuru. Hapo sina shaka naye. Ninachohofia ni ile sekunde moja kibao kinapotokea huku daladala inapiga honi nyuma, bajaji imejipenyeza kushoto, na mguu haujui ukanyage wapi.

Mimi alama yangu ni ile pembetatu iliyosimama kichwa chini, ya kutoa nafasi. Mwezi wangu wa kwanza nilifika kwenye kipita shoto, yaani ule mzunguko wa kwenye makutano, nikaona gari inakuja kulia kwangu, nikajiambia iko mbali, nikaingia. Haikuwa mbali. Yule dereva alikanyaga breki matairi yakalia, na kati ya bampa lake na mlango wangu pakabaki nafasi ya kupitisha kiganja. Alikuwa mtu wa makamo. Hakunitukana. Alishusha kioo akasema, "Mwanangu, aliye ndani ya kipita shoto ndiye mwenye haki. Wewe wa nje subiri, tazama kulia mpaka pawe peupe." Tangu siku ile, nikikaribia kipita shoto gari huwa tayari iko gia ya pili kabla sijajua nani yuko ndani.

Naomba kila mmoja atupe kisa chake. Nitamsomea vyote kabla hajashika usukani.

Mama Kulwa
Kwangu ni zebra. Nilisimama kuwapisha wanafunzi watatu asubuhi, wawili wakubwa na mmoja wa darasa la kwanza, begi limemzidi. Nimesimama vizuri, nimewapungia mkono wavuke. Walipofika mbele ya boneti yangu, kwenye saiti mira ya kulia nikaona pikipiki inakuja kunipita bila kupunguza mwendo. Nikabonyeza honi kwa nguvu. Yule mdogo akashtuka akasimama palepale, pikipiki ikapita mbele yake. Mikono ilinitetemeka hadi nilipofika kazini.

Kwa hiyo mwambie mdogo wako: kusimama peke yake hakutoshi. Anza kupunguza mwendo mapema, kanyaga breki mara mbili tatu taa za nyuma ziwakewake, tazama vioo vyote viwili, ndipo usimame kabla ya ule mstari. Na usimpungie mtoto mkono avuke kama hujaona pembeni yako kuna nini. Mtoto anakuamini wewe, haangalii tena upande mwingine. Vilevile gari ikiwa imesimama kwenye zebra, hata kama huoni inamsubiri nani, usiipite.

Njiro Juu
Kibao cha mwendo usiozidi 50. Nilidhani nyumba zikiisha na 50 imeisha. Nyumba zikaisha, nikakanyaga mafuta, mbele nikakuta trafiki na tochi ya kupima mwendo. Akanionyesha kile kibao cheupe chenye mstari mweusi wa mshazari, kama mita mia mbili mbele yetu: ndicho kinachofuta 50. Nililipa 30,000 na alikuwa sahihi.

Mshuka Kitonga
Natoka Iringa kurudi Morogoro, gari ya auto, ile inayobadili gia yenyewe, mara yangu ya kwanza kushuka mlima Kitonga mimi ndiye dereva. Kibao cha mteremko mkali nimekiona. Nikafanya nilichojua: nikaiacha kwenye D, gia ya kawaida ya kwendea, nikashuka nimekanyaga breki muda wote. Kufika katikati ya kona nikasikia harufu kama ya mpira unaoungua, na pedali ikaanza kuzama kuliko kawaida.

Nilipata pa kuegesha, nikakaa karibu nusu saa. Dereva wa lori aliyekuwa amesimama hapo akipoza breki ndiye aliyenielimisha. Mlima unaushuka kwa gia ileile ambayo ungeupandia. Kwenye auto unaitoa D unaweka 2 au L, yaani gia ndogo, kabla mteremko haujaanza, injini inaishika gari, na breki unaigusa na kuiachia. Kile kibao kinakwambia ubadili gia sasa, ukiwa bado juu. Ukisubiri gari ichanganye mwendo, umechelewa.

Mleta mada
Asante sana mkuu. Hili hata mimi nilifundishwa na gari ya gia tu, kwenye auto hakuna aliyewahi kunieleza.

Wa Rusumo
Wanaotarajia kuvuka mpaka wasome hapa. Ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, unahamia upande wa kulia. Yale ya mleta mada ya kutazama kulia, kule yanageuka: mzunguko unauingia kwa kulia na anayekuja kushoto kwako ndiye unayempisha. Kuovateki nako ni kugumu, kwa sababu usukani wako uko upande wa ukingo wa barabara na huoni mbele ya lori. Mimi siovateki kabisa kama sina mtu kiti cha pembeni wa kunitazamia.

Lakini hatari yenyewe haiko kwenye foleni, maana kwenye foleni unafuata wenzako. Mimi nilikosea alfajiri, natoka kituo cha mafuta, barabara haina hata gari moja. Mikono ikanipeleka kushoto kama nyumbani. Nilikwenda kama dakika moja hivi, nikaona taa zinakuja usoni kwangu. Siku hizi nikiwa kule nabandika karatasi kwenye dashibodi: KULIA.

Fundi wa Tunduma
Niongezee alama ambazo hazimo kitabuni. Ukikuta matawi ya miti yamepangwa barabarani, mbele kuna gari imeharibika, mara nyingi baada ya kona. Punguza mwendo hapohapo. Na wewe ukiharibikiwa, weka pembetatu zako mbali na gari, na ukiondoka ondoa na majani yako. Matawi yaliyosahauliwa yanaua watu wa pikipiki usiku.

Pia lori likikuwashia indiketa ya kushoto, wengi husema njia nyeupe, pita. Ya kulia, usije. Mimi naichukua kama ushauri tu. Kama macho yangu hayajaona mbele, au mstari wa katikati ni mzima, nabaki nyuma.

Mdogo mtu
Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye mwenye safari, kaka amenipa simu nisome mwenyewe. Naomba kuuliza: pale Ubungo hadi Kimara, njia za mwendokasi ziko katikati. Nikitaka kukata kulia nifanyeje?

Mama Kulwa
Marahaba mwanangu. Usikate kulia popote pasipo na taa. Subiri taa yako iwe kijani, na hata ikiwa kijani tazama saiti mira ya kulia, kisha geuza na shingo, kwa sababu basi la mwendokasi linakuja nyuma yako, kulia kwako, na halina foleni ya kulipunguza. Ukishapita Kimara barabara inafunguka kuwa pana, magari yataanza kukimbia. Kaa njia ya kushoto, acha wakupite. Na utakapofika kwa shangazi tuandikie hapa.