PR (ukaazi wa kudumu) ya Kanada imeidhinishwa, ila mpakani wananirudisha mtandaoni na mtandaoni wananirudisha mpakani!

Wakuu, nimekasirika na sitaficha. Nina karatasi mkononi yenye jina langu na picha yangu, inasema serikali ya Kanada imekubali niwe mkaazi wa kudumu. Vipimo vya afya vimepita. Hati ya polisi imepita. Ada ya haki ya ukaazi, dola 575, walishaipokea zamani. Kilichobaki ni ofisa mmoja aniulize kama nimewahi kupatikana na hatia ya jinai na kama nina mtegemezi ambaye sikumtaja, niweke sahihi, agonge muhuri, basi. Hakuna anayetaka kuifanya kazi hiyo.

Kwa ambao hawajafika hatua hii: kuidhinishwa hakukufanyi mkaazi. PR ya Kanada haianzi siku ya barua, inaanza siku unapolandi, yaani unapopokewa rasmi kuwa mkaazi. Aliye nje ya nchi anakuja na ile karatasi ya COPR (uthibitisho wa ukaazi wa kudumu) pamoja na viza kwenye pasipoti, anaionyesha uwanja wa ndege au mpaka wa barabara, anaingia akiwa mkaazi. Aliye ndani anamalizia mtandaoni, kwenye potali ya idara ya uhamiaji: anathibitisha yuko Kanada, anapandisha picha, anatumiwa COPR ya kielektroniki. Njia ya potali ilikuja wakati wa korona na ni nzuri kwa yule ambaye faili lake liko huko.

Faili langu haliko huko. Waliponiandikia kuuliza niko wapi nilikuwa nyumbani Afrika kwenye msiba wa mzazi. Waliuliza kama niko Kanada, nikajibu ukweli kwamba siko. Kuanzia hapo nikahesabiwa mtu wa nje, nikatakiwa kupeleka pasipoti na kupewa COPR ya karatasi. Karatasi ilipotoka mimi nilikuwa nimesharudi kazini Kanada kwa kibali changu cha kazi, kwa sababu hakuna mwajiri atakayekushikia nafasi huku ukisubiri bahasha. Kwa hiyo niko ndani ya nchi na hati ya mtu aliye nje. Hilo tu ndilo tatizo langu lote, na mtu mwenye akili timamu angelimaliza kwa dakika kumi.

Nikafanya walichofanya maelfu kabla yangu: kuzunguka mpaka. Unatoka Kanada kwa barabara, unafika kwa Wamarekani, unawaambia hutaki kuingia kwao, wanakugeuza, unarudi upande wa Kanada na kuomba kulandi. Watu wa Ontario wanatumia Rainbow Bridge, Peace Bridge au Lewiston-Queenston, wa Quebec wanakwenda Lacolle, wa British Columbia wanakwenda Peace Arch. Nilikopita mimi sikutaji.

Upande wa Marekani ndiko mwenye pasipoti zetu anapoonja. Sina viza yao. Basi gari linaegeshwa pembeni, funguo zinachukuliwa, unaingizwa ndani na familia yako, alama za vidole, picha, maswali ya umetoka wapi na unafanya nini, halafu unakaa kwenye viti mpaka watakapojisikia. Mtoto wangu aliuliza kama tumekamatwa. Mwisho unapewa karatasi kwamba hukuruhusiwa kuingia. Watu wanasema karatasi hiyo si kitu, ni utaratibu tu. Kwangu mimi ni kitu. Fomu ya DS-160 ya kuomba viza ya Marekani inauliza wazi kama umewahi kunyimwa viza, au kukataliwa kuingia, au kuondoa ombi lako la kuingia ukiwa mpakani. Siku nikitaka kwenda kumwona ndugu yangu huko, nitaijibu nini? Nitaandika ndiyo, kisha nianze kumweleza ofisa wa ubalozi habari za daraja la Kanada ambazo hazimhusu. Na mimi bado nina nafuu. Ndugu zetu Wasomali wamewekewa katazo kamili la kuingia Marekani tangu Juni 2025, na Warundi katazo la sehemu. Mwambie mtu kama huyo akajipeleke kwa hiari mbele ya maofisa wale ili tu apate muhuri wa nchi nyingine!

Nikavumilia. Nikarudi upande wa Kanada na karatasi yangu, pasipoti, picha, uthibitisho wa fedha, kila kitu kwenye faili moja. Ofisa hakulifungua. Nasema hakulifungua. Alitazama karatasi ya juu akasema, "Huduma hii hatuitoi tena, nenda kamalizie mtandaoni." Nikamwambia kwa adabu kwamba faili langu ni la karatasi na potali hainitambui. Akasema hilo niwaulize watu wa potali. Nikaomba aniandikie hata mstari mmoja kwamba nilifika na amekataa kunihudumia. Akakataa na hilo. Tukaruhusiwa kuingia kwa kibali changu cha kazi kilekile nilichotoka nacho, kana kwamba tulikwenda kutalii.

Nyumbani nikajaza fomu ya mtandaoni, nikaeleza yote, nikaambatanisha karatasi. Jibu lilipokuja lilikuwa la mashine, limetoka kwenye kabati la majibu: mwenye COPR ya karatasi awasilishe hati yake kwenye kituo cha kuingilia nchini. Yaani mpakani! Nikapiga simu, nikasubiri, aliyepokea akasoma kilekile nilichokisoma mimi. Nikamuuliza, "Mpakani wameshanikataa, nifanyeje?" Akasema yeye hana uwezo wa kuwaelekeza watu wa mpaka. Watu wa mpaka nao hawana uwezo wa kugusa potali. Ni idara mbili za serikali moja na zinanipiga danadana kama mpira.

Sasa nije kwenye sheria, kwa sababu kuna mtu atasema huduma ya kuzunguka ilifutwa. Tusome kilichofutwa. Kuanzia usiku wa tarehe 23 Desemba 2024, Kanada iliacha kutoa vibali vya kazi na vibali vya masomo mpakani kwa watu wanaozunguka, isipokuwa makundi machache kama raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani na madereva wa malori. Kabla ya hapo, Juni 2024, waliacha kutoa mpakani kibali cha kazi cha waliohitimu vyuo. Amri ya Desemba ilihusu vibali, na kibali ni kitu unachokiomba. Mimi sikwenda kuomba kitu. Uamuzi juu yangu ulishatolewa na nilikwenda kuukamilisha. Ofisa anayechanganya haya mawili anaifanya amri iwe pana kuliko ilivyoandikwa, na gharama ya upana huo inalipwa na mwenye karatasi.

Sheria yenyewe ya uhamiaji, ile ya 2001, kifungu cha 20, inasema anayetaka kuwa mkaazi wa kudumu awe na viza au hati inayotakiwa na awe amekuja ili aishi. Kifungu cha 21 kinasema anakuwa mkaazi pale ofisa anaporidhika kwamba ametimiza masharti hayo na hana kizuizi. Hebu lisomeni hilo tena: ofisa anaporidhika. Ataridhika vipi asipofungua faili? Haki yangu yote inaning'inia kwenye macho ya mtu ambaye ameamua kutotazama. Angetazama akaona kasoro, angeniambia kasoro ni ipi, nami ningejua pa kuanzia. Kutotazama kabisa hakuna rufaa, kwa sababu hakuna uamuzi ulioandikwa popote.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba kuna mtu wa kundi langu hasa, karatasi kama yangu, aliyepita kituo kingine akahudumiwa vizuri, akapongezwa na kuambiwa karibu nyumbani. Namfurahia kwa moyo wote. Lakini kanuni ni moja, nchi ni moja. Hata zamani kulikuwa na madaraja yaliyohudumia wanaozunguka siku fulani tu za wiki, ila angalau siku zilitangazwa na mtu alipanga safari yake. Sasa hivi unabahatisha zamu ya nani.

"Subiri tu, si umeshakubaliwa?" Nimelisikia hili hadi nimechoka. Nani anasubiri bure? Kibali changu cha kazi kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Akinipunguzia saa, akinipangia usiku mwezi mzima, siwezi kuondoka, na yeye anajua siwezi. Siku ninayolandi naweza kuacha kazi asubuhi na kuanza kwingine mchana. Namba yangu ya SIN (ile ya kazi na kodi) inaanza na 9, namba ya mtu wa muda; kila ninapoomba kazi nzuri wanaiona hiyo 9 na mazungumzo yanapoa. Mke wangu alipata nafasi ya chuo, ada ya mgeni na ada ya mkaazi hazifanani hata kidogo, muhula umempita. Yeye na mtoto hawawezi kulandi kabla yangu kwa sababu mimi ndiye mwombaji mkuu, kwa hiyo nikikwama mimi tumekwama wote.

Halafu uraia. Unahitaji siku 1,095 ndani ya miaka mitano. Siku uliyoishi kihalali kabla ya PR inahesabiwa nusu, na mwisho wake ni siku 365. Kila siku ninayorushwa huku na huko ni nusu siku imeibwa kwenye uraia wangu na hakuna atakayeirudisha. Ofisa hatakumbuka hata sura yangu, ila mimi nitaisubiri siku hiyo ya kiapo kwa muda mrefu zaidi kwa sababu yake.

Na karatasi ina tarehe ya mwisho! Vipimo vya afya vinadumu miezi 12, na kwa kawaida COPR inafuata tarehe ya vipimo au ya pasipoti, inayotangulia kuisha. Haiongezwi muda. Ikiisha unaambiwa pengine uanze upya. Kwa hiyo wao wanaonichelewesha hawana tarehe yoyote inayowabana, na mimi ninayecheleweshwa ndiye mwenye tarehe.

Ninachotaka si upendeleo. Nataka maelekezo ya maandishi, mamoja, yanayofunga pande zote mbili: mwenye COPR ya karatasi aliye ndani ya Kanada anahudumiwa wapi na nani. Kama ni mpakani, wawaambie maofisa wote. Kama ni potali, wahamishe faili wenyewe, sio kumtuma mtu aende kunyoosha vidole kwa Wamarekani bila sababu. Na ofisa akikataa kumhudumia mtu, aandike kwamba amekataa, jina la kituo na sababu. Nchi inayonidai fomu kwa kila ninachofanya haiwezi kushindwa kujaza fomu moja.

NYONGEZA baada ya maswali:

Mliouliza mnaokuja moja kwa moja kutoka nje, ikiwemo wanaopitia Marekani kwa gari wakiwa na viza ya huko: hali yenu ni tofauti, nyinyi mnaingia na hati ya mtu wa nje na mko nje kweli. Msiogope kwa sababu yangu. Ila beba orodha ya mizigo, ya uliyo nayo na itakayofuata baadaye, uitoe siku hiyohiyo ya kulandi, maana ukisahau mizigo inayokuja nyuma inaweza kulipiwa ushuru. Na uwe na anwani ya Kanada ya kutumiwa kadi. Zikipita siku 180 hujawapa anwani, unaanza maombi ya kadi upya na kulipa dola 50.

Aliyesema nimpe wakala wake pesa kwa kuwa ana mtu wa ndani: hapana, mkuu. Anayeuza muhuri wa mpakani anauza uongo, na ukishirikiana naye unajipatia kosa la udanganyifu ambalo linakufungia mlango miaka mitano.

Dada aliyeuliza kuhusu mbunge: ndiyo, nimeshaandikia ofisi ya mbunge wa jimbo ninaloishi. Ofisi zao zina watu wanaofuatilia mafaili ya uhamiaji na huhitaji kuwa raia ili wakusikilize. Nimewapa karatasi, jibu la mashine na maelezo ya kilichotokea darajani, tarehe na saa. Wakishindwa, kuna kuiomba Mahakama ya Shirikisho iiamuru idara ifanye kazi yake, nami nimeshaanza kuulizia mwanasheria.

Kama una COPR ya karatasi na ulilandi ukiwa ndani ya Kanada baada ya Desemba 2024, weka hapa ulihudumiwa upande gani, siku gani ya wiki na uliambiwa maneno gani hasa. Kama ulirudishwa, weka pia. Usiweke namba ya faili wala jina la ofisa. Nitayakusanya na kuyapeleka kwa mbunge pamoja na ya kwangu, ili wasije wakasema ni mimi peke yangu.