Naombeni ushauri: nafasi za wenye ulemavu na za matabaka kwenye ajira za serikali India

Wakuu habari zenu, naandika tasnifu ya sheria nalinganisha Tanzania na India, sasa kwetu sheria ya 2010 iko wazi tu, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea atenge 3% kwa wenye ulemavu, ila India ile 4% ya sheria ya 2016 inapita katikati ya mafungu ya matabaka, yaani nafasi zilizotengwa kwa makundi yaliyobaguliwa: Dalit (tabaka la chini kabisa) 15%, makabila ya asili 7.5%, OBC (matabaka mengine yaliyobaki nyuma) 27%. Kesi ya Indra Sawhney 1992 ya Mahakama ya Juu ya India ilisema aliyepita kwa ulemavu awekwe fungu la tabaka lake. Kwa hiyo kipofu Mdalit akiajiriwa anahesabiwa kwenye ile 15%, Mdalit mwenzake anakosa, na hii inaniuma jamani. Niukosoe au niutetee huu utaratibu? Mnaoijua katiba ya India nisaidieni.