Panzi, mende au sisimizi: nibebe yupi mwezi wa sita?

Mtoto wa Nguba: Salamu wakubwa. Mwezi wa sita naenda Ubelgiji kwa yaya, dada yangu mkubwa, na shemeji amenialika tuvue samaki aitwaye trauti kwenye mto Ourthe, kule milima ya Ardennes. Huku Bukavu mimi ni wa nyungunyungu tu, nimekaa kwenye mawe ya Ziwa Kivu. Yeye anatumia wadudu wa bandia, eti nichague: panzi, mende (wa miti, mbawakawa, si wa jikoni) au sisimizi.

Papa Sambaza: Panzi! Ni mkubwa, unamwona, na samaki anapata nyama ya kutosha. Sijui mnajiuliza nini.

Wa Namur: Papa, kwa heshima, panzi ngoja mwezi wa nane. Mwezi wa sita bado ni wadogo sana kwenye majani. Wakati huo mende ndio wanaanguka kutoka kwenye miti iliyoinamia mto, na trauti anawangoja pale pale kivulini. Chukua mende wa sifongo nyeusi, ndoano namba 14. Mtupe chini ya tawi aanguke kwa kishindo kidogo, po! Halafu tulia, usivute. Mara nyingi samaki anageuka kwa ule mlio tu. Sisimizi, ndoano ndogo zaidi, namba 16 au 18, analiwa vizuri hata siku ambayo mende amekataliwa, ila analala usawa wa maji kabisa na mimi na miwani yangu simwoni. Tafuta mwenye alama ya rangi ya machungwa mgongoni.

Mama Ruzizi: Hiyo "po" naijua kwa kumbikumbi. Mvua za Septemba zikianza, wakidondoka ziwani jioni, samaki wadogo wanachemka juu ya maji. Tilapia mkubwa hana habari nao, mpe ugali wake.

Papa Sambaza: Haya, mwezi umenishinda. Lakini panzi wangu msimtupe.

Wa Namur: Hatumtupi, Papa. Mwezi wa nane, siku ya upepo, mfunge panzi, kisha sisimizi nyuma yake kwa uzi wa sentimita 40 hivi. Panzi akizama ghafla, ujue sisimizi amemezwa.

Mtoto wa Nguba: Aksanti sana. Basi mende wanne, sisimizi wawili. Na uzi? Huu wangu unavuta hata kambale.

Wa Namur: Huo uache Bukavu. Maji ya kule ni meupe, trauti atauona kabla ya mende. Na mwambie shemeji akukatie leseni mapema.