Mjadala: Anayeanza Hollow Knight apewe mwongozo, au aachwe apotee mwenyewe?

Nahodha wa Nyali
Wakuu, swali hili limerudi kwa nguvu tangu Silksong, gemu linalofuata Hollow Knight, itoke Septemba 2025. Wengi wameamua kuanza na Hollow Knight yenyewe, ile ya 2017, kabla ya kugusa hii mpya, na kila anayeuliza aanzie wapi anapewa majibu yanayogombana. Kuna wanaomrundikia video za kumwongoza chumba kwa chumba, na kuna wanaomwambia aingie tu apotee.

Mimi niko na hawa wa pili. Team Cherry, watengenezaji wake, wale jamaa wa Adelaide kule Australia, waliificha ramani makusudi. Ukishuka kisima cha Dirtmouth, kijiji cha mwanzo, unajikuta eneo la Forgotten Crossroads huna hata kipande cha ramani. Inabidi umsake Cornifer, mchora ramani, kwa kufuata karatasi alizodondosha chini na ile sauti yake ya kujiimbia. Huo ndio mchezo wenyewe. Ukishamwambia mtu "chumba cha tatu kulia, shuka, utamkuta," umemchezea wewe.

Anayeanza anahitaji kuambiwa machache: gonga kila ukuta unaoutilia shaka, kaa kila benchi unalolikuta (ndipo gemu linapohifadhi ulipofika), usimwendee bosi na geo (pesa za gemu) nyingi mfukoni, na usinunue dira. Basi. Leteni hoja.

Bi Mchongoma
Nilikuwa nakufuata vizuri mpaka hapo kwenye dira. Kwa nini asinunue? Ni geo mia mbili na kitu tu kwa Iselda, mwenye duka la ramani.

Mlinzi wa Benchi
220. Kalamu ni 120, na ramani ya Crossroads kwa Cornifer ni 30.

Bi Mchongoma
Asante, 220. Na inakula nafasi 1 tu kati ya zile 3 unazoanza nazo za kuvaa hirizi, vile vitu vya kukuongezea uwezo. Bila dira ramani haikuonyeshi ulipo. Unaifungua, unaona vyumba vimechorwa, hujui umesimama kipi. Nahodha, unataka mtu apotee halafu unamnyima kitu ambacho watengenezaji wenyewe wamemwekea dukani?

Nahodha wa Nyali
Mwenye macho haambiwi tazama. Kila eneo lina alama zake: nguzo, mabango, mimea, rangi ya ukungu wa nyuma. Mtu mwenye dira hatazami hayo, anatazama kile kikichwa kidogo kwenye ramani. Na nafasi 1 kati ya 3 ni theluthi nzima ya nguvu zake za mwanzo.

Mzee Kombo
Theluthi ya nguvu zipi? Orodhesha hirizi ambazo mgeni anaweza kuwa nazo Crossroads. Fury of the Fallen ya King's Pass, eneo la kuanzia, inakula nafasi 2 na haifanyi kazi mpaka ubaki na kinyago kimoja cha uhai, kwa mgeni haina maana. Gathering Swarm kwa Sly, muuza duka, ni geo 300, nafasi 1, inakuokotea geo. Soul Catcher iko Ancestral Mound, nafasi 2. Dira 1 na Soul Catcher 2 ni 3. Hakuna kinachonyimwa nafasi.

Nahodha wa Nyali
Na Gathering Swarm? Umeitaja mwenyewe halafu ukaiacha nje ya hesabu.

Mzee Kombo
Nimeiacha kwa sababu hata hiyo haigombani na dira. Gombanisha Gathering Swarm na Soul Catcher ukitaka. Na ukweli ni kwamba Soul Catcher kwa mgeni inasaidia kidogo kuliko mnavyoisifia. Pigo la kawaida linakupa roho (nguvu ya kujiponya na ya uchawi) 11, ukiivaa linakupa 14. Kujiponya kinyago kimoja kunakula 33. Bila hirizi unahitaji mapigo 3, na ukiwa nayo bado unahitaji mapigo 3. Faida inaanza kuonekana kwenye kuponya mara ya pili: mapigo 5 badala ya 6. Kujaza chombo kizima cha roho, 99, mapigo 8 badala ya 9. Kwa nafasi 2!

Popo wa Ukutani
Mzee Kombo, mimi sikubali. Pigo moja pungufu mbele ya bosi ni pigo moja pungufu la kuhatarisha maisha. Acha kuidharau.

Fundi Pasi
Tumeulizwa mwongozo au kupotea, tumefika kwenye bei ya dira. Nijibu swali lenyewe.

Mgeni hapotei kwa kukosa njia peke yake. Anakata tamaa kwa sababu kuna mambo ya kimsingi ambayo gemu linayataja mara moja na kupita, au halitaji kabisa. Haya mwambieni, njia aitafute mwenyewe.

Pigo la chini. Ruka, shikilia chini, piga. Ukimpata adui au ukaigusa miiba kwa msumari, silaha yako, unarushwa juu tena. Alizoee King's Pass kabla hajashuka popote, maana baadaye kuna miiba isiyovukika kwa kuruka tu.

Kujiponya. Roho inatoka kidogo kidogo unavyoshikilia kitufe. Ukipigwa katikati, kilichotoka kimepotea na kinyago hukupata. Kwa hiyo usijiponye ukiwa mguuni mwa adui. Jitenge kwanza, ujue una sekunde moja hivi ya kusimama bila kuguswa.

Uchawi wa kwanza, Vengeful Spirit, nao unakula 33, sawasawa na kujiponya. Unatoa madhara 15 wakati msumari wa mwanzo unatoa 5, yaani uchawi mmoja ni mapigo matatu kwa mara moja, na unapenya maadui waliojipanga. Wageni wengi wanaweka roho yote kwa kujiponya wakidhani uchawi ni anasa.

Kufa. Geo zote zinabaki na kivuli chako pale ulipofia, na chombo cha roho kinapasuka: badala ya 99 unabeba 66, yaani unajiponya mara 2 tu mpaka ukipige kivuli. Ukifa tena kabla hujakifikia, geo zile zimekwenda. Kivuli kinatumia uchawi uliokwisha kujifunza, kwa hiyo usikiendee kana kwamba ni mdudu wa njiani.

False Knight, bosi wa Crossroads. Rungu lake likitua chini linatoa wimbi la ardhini, liruke. Akiruka yeye, pita chini yake. Deraya ikivunjika anaanguka na kichwa kinatoka nje. Piga kichwa, na roho ikitosha jiponye kabla hajainuka, maana hapo ndipo pa salama kuliko pote. Mzunguko huo unarudia mara tatu. Akiisha anakuachia nembo ya kufungulia lango la City of Tears, na huko kuna mhunzi. Kunolewa msumari mara ya kwanza ni geo 250 bila madini yoyote, na kunapandisha madhara yake kutoka 5 hadi 9. Mgeni anayeishikilia 250 yake mpaka hapo amefanya jambo kubwa kuliko hirizi zote mlizozitaja.

Na kama anachezea kibodi, atafute pedi kwanza. Kibodi ni kujitesa.

Kijana wa Kibodi
Kujitesa kwa nani? Gemu hili linakubali laptop ya RAM 4GB na diski yenye nafasi ya 9GB, ndiyo maana limefika kwa watu wengi huku kwetu wasiokuwa na mashine kubwa. Sasa unawafungia mlango kwa kuwadai pedi?

Z ni kuruka, X ni kupiga, C ni kuchomoka, mishale ni kutembea. Hakuna kigumu hapo.

Fundi Pasi
Kaka, sijamfungia mtu mlango. Tatizo ni kitufe cha A. Ukikishikilia kinaponya, ukikigusa na kuachia kinarusha uchawi. Mwenye haraka anakigusa akitaka kuponya, roho 33 inaruka ukutani. Halafu kibodi nyingi za bei nafuu hazisomi vitufe vitatu vinne kwa pamoja. Pigo la chini ukiwa unakwenda kushoto angani linataka mshale wa chini, wa kushoto, X, na Z ukiwa bado umeishikilia. Kimoja kinamezwa, mtu anaangukia miiba na kudhani mkono wake ndio mbovu.

Kijana wa Kibodi
Dawa zote mbili zimo humohumo. Uchawi utumie F, ambayo inarusha tu, A uiachie kuponya. Vitufe vinavyomezana, ingia kwenye mipangilio ubadilishe: hamishia kutembea kwenye A na D upande wa kushoto, kuruka kwenye kitufe cha nafasi (space), kupiga na kuponya kwenye vitufe vya kulia. Mpangilio tofauti humezwa tofauti. Jaribu mpaka upate usiomezwa. Ungemwambia hivyo tangu mwanzo badala ya kumwambia anajitesa.

Bi Mchongoma
Kijana ana hoja. Na mimi naongeza moja ambayo naona mnaizunguka. Gemu halina Kiswahili. Lina Kiingereza, Kifaransa, Kireno, Kirusi, Kijapani na nyinginezo, letu halimo. Maelezo ya kila hirizi na maneno ya kila mhusika yako kwa lugha hizo. Mwongozo wa Kiswahili unaoeleza Soul Catcher inafanya nini haumharibii mtu chochote.

Popo wa Ukutani
Dada, unasema vijana wetu hawawezi kusoma mistari miwili ya Kiingereza? Hiyo ni kuwadharau.

Bi Mchongoma
Sijasema hivyo na usiniwekee maneno. Kiingereza cha gemu hili ni cha kimafumbo. Wahusika hawakwambii "nenda kushoto," wanasema kwa mafumbo yenye maneno ya kale. Mtoto wa miaka 13 anayesoma vizuri kabisa anaweza kupitwa. Kuuliza si ujinga, na kujibiwa kwa lugha yako si kudharauliwa.

Mzee Kombo
Hapo naungana na dada.

Nahodha wa Nyali
Tofautisheni tafsiri na mwongozo. Tafsiri sina ugomvi nayo. Ninachopinga ni kulainisha. Ona yaliyotokea Silksong: watu wamelalamika siku chache tu, Team Cherry wakatoa apudeti na kuwapunguzia ukali mabosi Moorwing na Sister Splinter. Wakashusha na bei za mabenchi na vituo vya usafiri vya katikati ya gemu. Kesho mtataka wapunguze kila kitu.

Mlinzi wa Benchi
Mabosi hao wawili ni wa mwanzo wa gemu. Mabosi wa mwisho hawakuwagusa katika apudeti ile.

Popo wa Ukutani
Na Silksong ina hesabu nyingine kabisa, Nahodha. Hollow Knight unaanza na vinyago 5 na maadui wengi wa mwanzo wanakutoa 1. Silksong nako unaanza na 5, lakini mabosi wengi wanatoa 2 kwa pigo, hata ukiwagusa tu. Mapigo matatu umekwisha. Kujiponya huko kunataka hariri 9, ambayo ndiyo roho ya gemu hilo, na kunarudisha vinyago 3 kwa mpigo, kwa hiyo ukikatizwa umepoteza kila kitu. Aliyezoea kuponya kidogo kidogo kwa 33 anafia huko kwa mazoea yake. Kurekebisha mwanzo wa gemu la namna hiyo ni haki.

Nahodha wa Nyali
Mazoea yavunjwe! Ndiyo kazi ya gemu gumu. Shanga zenyewe, pesa za Silksong, wamekupa njia ya kuzifunga kwenye uzi zisipotee ukifa. Bado mnataka na bosi alainishwe.

Popo wa Ukutani
Kuzifunga ni malipo, hupewi bure. Unatoa shanga za ziada kupata uzi mmoja.

Fundi Pasi
Naomba turudi Hollow Knight, kuna mgeni anasoma hapa. Jambo moja halijatajwa: akianguka Deepnest, eneo la chini la kutisha, mapema kutokea eneo la Fungal Wastes afanye nini? Hapo ndipo wengi wanaliacha gemu.

Mlinzi wa Benchi
Asimamishe gemu, atoke kwenye menyu, aingie tena. Ataamka kwenye benchi la mwisho alilokaa, geo zote anazo, na vitu alivyookota vipo.

Nahodha wa Nyali
Hiyo nayo ni njia ya kukwepa. Deepnest imewekwa iogopeshe. Ukimfundisha mtu mlango wa menyu, hofu yote imekwisha.

Mlinzi wa Benchi
Mkuu, anayekwepa anarudi na nguvu. Anayekwama siku tatu anafuta gemu.

Bi Mchongoma
Hata kwenye chumba cha giza cha kuingilia Crystal Peak ni vivyo hivyo. Taa kwa Sly ni geo 1800. Mgeni asiyeambiwa kwamba ile giza inataka taa, au kwamba kuna njia nyingine ya kufika huko kwa uchawi wa kuvunja sakafu, atajigonga humo jioni nzima. Kumwambia "rudi baadaye" si kumchezea.

Kijana wa Kibodi
Mlinzi, hiyo ya menyu ina mtego, mwambie mgeni yote. Akishakaa kwenye benchi la ndani ya Deepnest, akitoka na kurudi ataamka humohumo. Kwa hiyo kama hataki kubaki huko, asiguse benchi lolote la chini mpaka aamue.

Mlinzi wa Benchi
Kweli, nilipaswa kuandika hilo. Na kama amekwisha kukaa, basi menyu haimsaidii tena. Itabidi apande kwa miguu, na hapo awe na Mantis Claw ya kushikia ukuta.

Nahodha wa Nyali
Hilo la benchi mwambieni. Hilo nalikubali, maana linaogopesha zaidi.