Mama anakatwa 185 kila mwezi: QMB, Extra Help au kadi ya wakala?

Mtoto wa Kibaha (Dallas, Texas), 16 Novemba 2025

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za Jumapili.

Mama yangu ana miaka 67. Amefua mashuka kwenye nyumba ya wazee hapa Dallas miaka 14, mgongo ukakataa, akastaafu. Baba alishafariki, ninaishi naye. Pensheni yake ya Social Security ni dola 1,510 kwa mwezi, lakini benki zinaingia 1,325 kwa sababu 185 zinakatwa juu kwa juu kulipia Sehemu B (ya madaktari) ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Ijumaa wametangaza kwamba kuanzia Januari ada inapanda hadi 202.90. Nyongeza ya pensheni ni asilimia 2.8, kwake kama dola 42, na karibu 18 zinarudi walikotoka kabla hajazishika.

Nimezunguka mitandaoni nimebaki na njia tatu. Kwanza QMB, msaada kwa wenye kipato kidogo ambapo jimbo linamlipia karibu kila kitu cha Medicare. Kikomo chake nimeona ni 1,325 na mama anapokea 1,325 kamili, nikajua Mungu yupo. Pili Extra Help, msaada wa serikali wa bei za dawa. Anameza za presha, za sukari, na kimoja cha kuzuia damu kuganda, hicho ndicho kinachotutoa jasho. Tatu kuna wakala amepiga simu mara nne wiki hii, anataka kumwingiza kwenye mpango wa Advantage, yaani Medicare kupitia kampuni binafsi: ada sifuri na kadi ya chakula ya dola 60 kwa mwezi.

Benki ana akiba ya 6,200. Nichukue ipi?

---

Mama Kulwa (Houston, Texas)

Marahaba mwanangu. Nimejazia wazee wa kanisani kwetu fomu hizi miaka sita, kwa hiyo nivumilie nikianza na habari mbaya.

Hiyo 1,325 imekudanganya. Wanaangalia pensheni kabla ya makato. Kwao mama yako ana 1,510, kwa hiyo QMB hapati. Kosa hili nimeliona mpaka nimechoka, na ubaya wake ni kwamba kuna wanaokosea upande wa pili: mtu anasikia kikomo cha QMB kimempita, anakunja karatasi anaondoka, kumbe ngazi inaendelea juu.

Kwa mwaka huu wa 2025 mtu asiye na mwenza yuko hivi. Hadi 1,325 ni QMB. Hadi 1,585 ni SLMB. Hadi 1,781 ni QI. Mtu na mwenza wake ni 1,783, 2,135 na 2,400. Dola 20 za kipato wasizohesabu zimeshaingizwa humo, usizitoe tena. Mama yako yuko SLMB, wala hayuko ukingoni.

Tofauti yake ni hii. QMB inalipa ada ya Sehemu B, inalipa dola 257 za mwaka huu ambazo mgonjwa hujilipia kwanza kabla Medicare haijaanza kulipa, inalipa ile asilimia 20 ya daktari inayobaki kwa mgonjwa, na akilazwa inabeba zile 1,676 za mwanzo za hospitali. SLMB inalipa ada ya Sehemu B tu, basi. Asilimia 20 inabaki kwake. QI inalipa kama SLMB, ila fungu lake lina mwisho na wanaowahi ndio wanaopata, na unaomba upya kila mwaka.

Sasa sikiliza hapa. Extra Help si njia ya pili ya kushindanishwa na ya kwanza. Mtu akikubaliwa QMB, SLMB au QI, Extra Help inamjia yenyewe bila kuomba. Mwaka huu dawa zisizo na jina la kampuni hazitazidi 4.90, zenye jina hazitazidi 12.15. Hicho kidonge cha damu ulipiaje sasa?

---

Mtoto wa Kibaha

47 kwa mwezi, mama. Mwezi mmoja nilimkuta anakikata nusu kwa kisu cha vitunguu.

---

Mama Kulwa (Houston, Texas)

Yesu wangu. Mwambie asirudie.

Na usingoje Januari. QMB huanza mwezi unaofuata baada ya kukubaliwa, lakini SLMB inaweza kurudi nyuma hadi miezi mitatu kabla ya mwezi ulioomba. Kila mwezi unaopoteza Novemba na Desemba ni 185 zinazodondoka mwisho wa foleni.

---

Baraka wa Mnyaso (Minneapolis, Minnesota)

Niaje wote. Mimi niliweka mathe kwenye Advantage miaka miwili iliyopita, kwa hiyo naongea na kitu kwa mfuko.

Kadi ya chakula ni ya kweli, haikuwa uongo. Meno pia, alitengenezewa mawili, na Medicare ya kawaida haishughuliki na meno. Lakini wakala hakuniambia mambo mawili. Moja, "ada sifuri" ni ada ya mpango wao. Ile ada ya Sehemu B iliendelea kukatwa vilevile. Mathe aliona benki pesa ni ileile akaniuliza, "Baraka, hii bure yenu iko wapi?" Sikuwa na jibu. Mbili, daktari wake wa figo hakuwa kwenye orodha yao. Aliye kwenye orodha ako maili 31, na mathe haendeshi gari theluji ikianguka.

Sikatai Advantage. Nasema ukiingia kabla ya kuomba msaada wa jimbo, umenunua sufuria kabla ya unga.

---

Jicho la Pwani (Atlanta, Georgia)

Naongezea kwa alichosema Baraka. Wakala analipwa akikusajili, ndiyo maana amepiga mara nne na anakutajia Desemba 7, mwisho wa msimu wa kubadili mipango, kama siku ya kiyama. Mwenye Extra Help anaruhusiwa kubadili mpango wa dawa hata kila mwezi akiwa kwenye Medicare ya kawaida. Mama hana sababu ya kukimbizwa. Kila jimbo kuna washauri wa bure wa SHIP wasiouza chochote. Na ukipiga 1-800-MEDICARE omba mkalimani wa Kiswahili, hulipi. Subiri tu dakika chache kwenye simu, ile muziki yao utaizoea.

---

Mtoto wa Kibaha

Asanteni sana. Nimefungua fomu ya jimbo usiku huu, nimefika sehemu ya mali, nimekwama. Nyumba anayoishi mzee haihesabiwi, gari moja halihesabiwi. Halafu wanauliza ardhi nyingine yoyote.

Mama ana kiwanja Kibaha. Alikinunua kidogo kidogo, sasa hivi bei yake milioni 9 za Tanzania. Kwa hesabu yangu ni kama dola 3,650. Jumlisha na 6,200 inakuwa 9,850, na kikomo cha mali cha mtu mmoja mwaka huu ni 9,660. Tumezidi kwa dola 190!

---

Jicho la Pwani (Atlanta, Georgia)

Kiwanja cha Kibaha? Usikitaje. Nani atatoka Texas aende Mlandizi kuuliza?

---

Mama Kulwa (Houston, Texas)

Hapana, hapana, hapana. Fomu ile anaisaini mama, si wewe wala huyu ndugu wa Atlanta. Anaapa kwamba alichoandika ni kweli. Mzee wa miaka 67 unamwapisha uongo kwa sababu ya dola 190? Ikigundulika wanadai walicholipa chote. Ardhi ya ng'ambo inahesabiwa kama ya hapa ikiwa ni yake na anaweza kuiuza.

Kingekuwa cha familia, ndugu mnamiliki pamoja na mmojawapo anaishi humo hana pa kwenda, hapo kuna hoja ya kujieleza. Hiki ni cha kwake peke yake, hati yake. Kinatajwa.

---

Nyamvula (Silver Spring, Maryland)

Mbona hakuna aliyetaja mazishi? Sheria inaruhusu mtu kutenga hadi dola 1,500 za kumzika na hizo haziingii kwenye hesabu ya mali. Lakini zisichanganywe na pesa ya mboga. Fungua akaunti nyingine, iandikwe wazi kwamba ni ya mazishi, weka 1,500 humo, chukua barua ya benki uambatanishe.

6,200 toa 1,500 inabaki 4,700. Ongeza kiwanja 3,650. Ni 8,350. Mama yako amepita na chenji imebaki.

Tahadhari: hizo 1,500 haziguswi kwa harusi wala kwa nauli ya Dar. Najua watu wetu.

---

Mtoto wa Kibaha

Dada Nyamvula, sijui nikupe nini. Tatizo ni kumwambia mama afungue akaunti ya mazishi yake mwenyewe. Kwetu hilo neno halitamkwi mezani.

---

Nyamvula (Silver Spring, Maryland)

Mimi wa kwangu nilimwambia ni "akaunti ya sanda". Akacheka, akasaini.

---

Mzee Juma (Columbus, Ohio)

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi ndiye mwenye QMB, nina miaka 69.

Kisa changu kinatofautiana na cha mama huyo. Nililetwa na binti yangu kwa grini kadi mwaka 2016, nikiwa na miaka 60. Nimefanya kazi miaka saba. Pointi za kazi zinazotakiwa ili Sehemu A, ile ya hospitali, iwe bure ni 40, nne kwa mwaka, mimi nina 28. Bila msaada wowote hiyo Sehemu A peke yake mwaka huu wa 2025 ningelipa dola 518 kila mwezi, na 185 juu yake. Mia saba na tatu! Mtu wa aina yangu, aliyefika mtu mzima, ndiye QMB inamfaa kuliko wote, maana inalipa zote mbili. Kwanza lakini uwe umekaa na grini kadi miaka mitano. Tena uliza jimbo lako linavyofanya, kwani mengine yanakupokea wakati wowote na mengine yana dirisha la Januari hadi Machi tu.

Mtaniuliza, mzee unaishije? Nalinda ghala usiku, siku tatu kwa juma, napata kama 1,400 kwa mwezi. Watu wakisikia hivyo wanasema umezidi kikomo. Sikuzidi. Mshahara hauhesabiwi kama pensheni. Wanatoa dola 20, wanatoa 65, halafu kinachobaki wanakigawa nusu. Kwao mimi nina 657 na senti hamsini. Yule mwenye pensheni ya 1,400 amekosa QMB, mimi mwenye mshahara wa 1,400 nimepata. Sikutunga mimi.

La mwisho. Kliniki moja ilinitumia bili ya 312, kisha ya pili yenye wino mwekundu. Binti akataka kulipa yaishe. Nilikataa. Mwenye QMB hadaiwi asilimia 20 wala kiasi cha mwanzo na mtoa huduma wa Medicare, ni kinyume cha sheria. Nilikwenda dirishani na kadi zangu mbili, ya Medicare na ya jimbo, nikaziweka kimya mbele ya yule binti. Alibonyeza bonyeza, akasema "samahani baba". Bili ikafutwa. Kadi moja haitoshi, toeni mbili.

---

Furaha (Louisville, Kentucky)

Jambo kwenu wote. Mzee Juma, aksanti sana kwa hiyo habari ya bili, sisi tulilipa.

Nataka kuongea na wale waliokuja kama wakimbizi, sababu humu mnaandika kama kila mutu ana grini kadi. Baba yangu tulitoka naye kambi ya Nyarugusu mwaka 2017. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imebadilisha mambo. Mkimbizi au mwenye hifadhi asiye na grini kadi wala uraia haruhusiwi tena kuingia Medicare, na walio ndani tayari wataondolewa kufikia Januari 4, 2027. Upande wa Medicaid, bima ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, ambako QMB na wenzake wanatoka, mabadiliko yanaanza Oktoba 1, 2026.

Wazee wengi wetu wanaona karatasi ya ukimbizi inatosha, grini kadi ni ya vijana wa kutafuta kazi. Hapana. Mkimbizi anaomba baada ya mwaka mmoja, na akiipata, tarehe yake inarudishwa hadi siku aliyoingia nchini. Kwa hiyo ile miaka mitano ya Mzee Juma haianzi leo. Baba alipata yake akiwa amechelewa kabisa, na bado hesabu ikamkuta amekwisha kutimiza.

---

Shangazi wa Bronx (New York)

Huku kwetu hawaulizi kiwanja. New York haina kikomo cha akiba kwa mipango hii, na kipato wanafika asilimia 186 ya kiwango cha umaskini wakati kwenu Texas mwisho ni 135. Mpango uleule, jina lilelile. Ndiyo maana nakasirika mtu wa Dallas anapomsikiliza mtu wa New York au kinyume chake. Uliza jimbo lako.

Mume wangu alichelewa Sehemu B miaka minne, faini asilimia 40 juu ya ada, ya maisha. Jimbo lilipoanza kumlipia, faini ikaondoka. Hilo sikuliona mtu amelitaja.

---

Baraka wa Mnyaso (Minneapolis, Minnesota)

Shangazi, hiyo ya faini nimeiandika. Na swali kwa Mama Kulwa: ni kweli jimbo litakuja kuchukua nyumba ya mzee akifa, kulipia ile 185? Mathe amekataa kuomba kwa sababu ya hiyo.

---

Mama Kulwa (Houston, Texas)

Kwa malipo ya QMB, SLMB na QI, hapana. Tangu Januari 2010 jimbo halidai urithi kwa ajili ya hayo. Mathe amesikia habari za Medicaid inayolipia nyumba za wazee, hiyo ni hadithi nyingine na hapo ana haki ya kuogopa. Mwoneshe mshauri wa SHIP amwambie kwa mdomo wake, wewe mtoto hatakuamini.

---

Mtoto wa Kibaha, 22 Januari 2026

Shikamooni tena. Nimerudi kutoa taarifa.

Akaunti ya sanda ilifunguliwa Novemba 18, fomu ikaenda siku hiyohiyo, kiwanja nimekiandika pamoja na makadirio ya bei kutoka serikali ya mtaa. Waliomba karatasi mara mbili. Barua imekuja juzi: SLMB, kuanzia Agosti. Agosti hadi Desemba ni miezi mitano, dola 925 zinarudi, na ya Januari juu yake, ingawa nimeambiwa Social Security huchukua mwezi mmoja au miwili kuacha kukata. Kidonge cha damu jana dirishani mfamasia amesema dola 12 na senti. Mama akamwuliza mara mbili kama amesoma vizuri.

Wakala nimemwambia apige tena Oktoba.

Sasa mama anataka hizo 925 zikifika azitume Kibaha zijenge uzio wa kile kiwanja. Nimemwomba asubiri kidogo, uzio utakipandisha bei.