Tupeane uzoefu: nyuma ya baiskeli yenye shokapu inapocheza, ulikuta tatizo wapi?

Kidole_Kwanza

Wadau, habari. Uzi huu ni wa wenye baiskeli za milimani zenye shokapu ya nyuma. Dalili mnaijua: unainua baiskeli kwa siti taratibu, na kabla gurudumu halijaachana na ardhi unasikia "tok". Au unashika tairi na kulisukuma kushoto kulia, nyuma yote inayumba. Ombi langu ni moja: usituambie tu ulibadilisha kifaa gani, tuambie ulijuaje kuwa ni hicho. Watu wananunua seti nzima ya beringi kumbe aliyelegea ni bolti moja.

Naanza mimi. Yangu ilikuwa inacheza juu chini tu, pembeni haina kitu. Nikawa nainua siti kwa mkono mmoja na kuweka kidole cha mkono wa pili kwenye kila kiungo, nusu ya kidole upande huu wa kiungo na nusu upande ule. Jicho halioni mtikisiko mdogo hivyo, ila kidole kinaupata mara moja. Ilikuwa bushi (kibomba chembamba cha chuma) ya jicho la chini la shokapu, yaani tundu la mwisho wake linalofungwa kwenye fremu. Kwenye shokapu nyingi ekseli inayopita ndani ya bushi ina kipenyo cha mm 12.7, na bushi za chuma zina utando laini kwa ndani. Utando ukiisha, rangi ya shaba inatokeza. Yangu ilikuwa shaba tupu.

Kuna jambo hapa wengi hawalipi uzito. Fremu yenye mwendo wa nyuma (umbali gurudumu linaopanda) wa mm 150 na shokapu yenye mwendo (umbali inaobonyea) wa mm 60 ina uwiano wa 2.5. Maana yake pengo la mm 0.2 kwenye jicho la shokapu linafika kwenye gurudumu likiwa nusu milimita. Ndiyo maana bushi iliyoliwa kidogo tu inasikika kama fremu nzima imekufa. Nilisukuma ya zamani itoke na mpya iingie kwa vaisi na soketi mbili, na ekseli nikaipima kipenyo kwa venia kabla ya kuirudisha. Ekseli nyingi ni za alumini na zenyewe huliwa. Ukiweka bushi mpya juu ya ekseli iliyoliwa, mchezo unabaki palepale.

Habu_Ngumu

Yangu ilicheza pembeni, na niliambiwa na karakana moja kwamba beringi za fremu zimekwisha zote. Kabla ya kutoa hela nikafanya jaribio dogo: mkono mmoja umeshika tairi, kidole gumba kinagusa mkono wa nyuma wa fremu, ule unaobeba gurudumu. Nikasukuma. Gurudumu lilisogea, mkono wa nyuma ukatulia tuli. Basi fremu haina kosa, ni habu (kitovu cha gurudumu) au ekseli yake. Nikakaza ekseli, mchezo ukapungua lakini haukuisha. Beringi za habu upande wa gia zilikuwa zimechoka. Mwenye gurudumu jingine la kuazima alifunge ajaribu, jibu linapatikana dakika hiyohiyo.

Mkono_wa_Nyuma

Hapo juu mmesema vizuri. Mimi nakuja na beringi za fremu zenyewe.

Toa shokapu kabisa, kisha pandisha na shusha mkono wa nyuma kwa mkono wako. Unatakiwa kuteleza bila kukwama na kushuka wenyewe kwa uzito wake. Wangu ulikuwa unakwenda kwa vituo, kama unakanyaga changarawe, na ukiusukuma pembeni unasikia mgongano kwenye kiungo kikuu kilicho nyuma ya pedeli. Nikafungua bolti zote na kuzungusha kila beringi kwa kidole. Zile mbili za kiungo kikuu zilikuwa na kutu, za juu karibu na shokapu zilikuwa nzima.

Beringi za fremu zinakufa tofauti na za gurudumu. Hazizunguki mzunguko mzima, zinakwenda nyuzi chache mbele na nyuma tu. Goroli zinapiga sehemu ileile kila siku, grisi inasukumwa pembeni na hairudi. Ongeza maji ya kuoshea yenye presha kubwa yanayopenya kwenye mpira wa kuziba, na kutu inaanza. Kwa sababu hiyo kuna beringi za fremu zilizojazwa goroli bila kizimba cha kuzitenganisha: goroli nyingi zaidi, mzigo unagawanyika. Kwenye gurudumu linalokwenda kasi hazifai sana, kwenye fremu ndipo mahali pake.

Namba iko ubavuni mwa beringi. Kwa mfano 6902 ni mm 15 ndani, mm 28 nje na upana wa mm 7. Soma namba, usikisie kwa macho.

Kuziingiza nilitumia bolti ndefu, nati, washa nene na soketi inayokaa kwenye duara la nje la beringi. Ukisukuma duara la ndani, nguvu yote inapita kwenye goroli na beringi mpya inaharibika kabla hujaipanda. Nyundo iache, hasa kama fremu ni ya kaboni.

Pedeli_Moja

Wakuu, mnakaza kwa nguvu kiasi gani?

Mkono_wa_Nyuma

Kila bolti ina kiwango chake cha Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) kwenye kitabu cha fremu, mara nyingine kimeandikwa kwenye bolti yenyewe. Tumia spana ya toki, inayopima nguvu hiyo. Grisi kwenye ekseli, gundi ya bluu ya kufungia kwenye nyuzi za bolti. Na kama ekseli yako ina kabari inayotanuka mwishoni, kaza ekseli kwanza, kabari baadaye. Ukigeuza mpangilio, ekseli inashikwa kabla haijafika mahali pake na mchezo haukuachi. Baada ya safari ya kwanza rudia kukagua zote.

Shimo_Pana

Kwangu beringi ilitoka kwa kusukuma kwa kidole, yaani tundu la fremu limetanuka. Gundi ya kijani ya kushikia beringi ilisaidia kwa sababu pengo lilikuwa dogo mno. Lakini nilikagua kwanza pande zote za tundu kwa taa kali. Ukiona mstari mwembamba unaoanzia kwenye tundu au kwenye weldi, huo ni ufa. Usipande tena baiskeli hiyo mpaka sehemu hiyo ibadilishwe.

Kidole_Kwanza

Asante sana mkuu, hilo la ufa lisomwe na kila mtu.

Niongeze: kuna mchezo ulio ndani ya shokapu yenyewe. Itoe kwenye fremu, shika mwili kwa mkono huu na fimbo kwa ule, jaribu kuiyumbisha. Ikiyumba pembeni, bushi ya ndani inayoongoza fimbo imeliwa. Hiyo mpelekee fundi wa shokapu. Anayetaka kufungua kopo la hewa mwenyewe kwa ajili ya sili, atoe hewa yote kwanza, abonyeze shokapu, kisha atoe tena. Kopo lenye presha linaruka kama risasi.

Pedeli_Moja

Nimejaribu cha kidole sasa hivi. Ni jicho la juu, upande wa kushoto bolti imerudi nusu mzunguko. Naitoa niiangalie nyuzi kabla ya kukaza.