Paka dume anarudiwa na shida ya mkojo, dagaa wanahusika?

Mama Chui (Ujiji)
Habari za humu wapendwa. Paka wetu dume amehasiwa, ana miaka minne na kilo 5. Hii ni mara ya tatu: anaingia kwenye beseni la mchanga kila baada ya dakika chache, anajikamua, yanatoka matone yenye damu, kisha anajilamba. Tunaambiwa ni UTI (maambukizi ya bakteria kwenye njia ya mkojo), anachomwa antibayotiki, siku tano amepona, miezi miwili tumerudi palepale. Chakula chake ni ugali na dagaa wakavu. Tufanyeje isirudi?

Mifugo Tabora
Pole sana mama. Kabla ya kinga, hakikisha mkojo unatoka. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, hasa nchani, na chembechembe zikichanganyika na ute zinaiziba kabisa. Mpapase taratibu tumbo la chini, mbele ya miguu ya nyuma. Kibofu kilichoziba ni kigumu kama chungwa dogo na paka hulia ukikigusa. Usikiminye, kinaweza kupasuka.

Akijikamua bila kutoa tone, au ameanza kutapika, mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Potasiamu hupanda kwenye damu, moyo unavurugika, na ndani ya siku moja au mbili anakufa. Wengi hudhani amefunga choo, wanamnywesha mafuta, muda unapotea. Anachohitaji ni dawa ya usingizi, mpira mwembamba wa mkojo na dripu. Panadol usimpe hata robo kidonge: ini la paka haliwezi kuivunja. Diclofenac vilevile.

Katonga77
Dagaa wanahusika, ila shida kubwa ni ukavu wao. Dagaa mkavu hana maji, mifupa na vichwa vina fosforasi na magnesiamu nyingi. Ugali nao unapunguza asidi ya mkojo. Mkojo mzito usio na asidi ndimo fuwele za struvaiti, yaani chembechembe za magnesiamu na fosfeti, zinamojijenga.

Paka wa kilo 5 anahitaji kama mililita 250 za maji kwa siku, pamoja na yaliyomo kwenye chakula. Samaki mbichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 70, kwa hiyo gramu 200 za mgebuka au dagaa wabichi waliochemshwa zinampa kama mililita 140 hajagusa bakuli. Wachemshe, maana samaki mbichi huharibu vitamini B1. Mchuzi mpe wote.

Siku za mbalamwezi wabichi wanapoadimika, chukua wakavu kiganja kimoja, toa vichwa, loweka saa mbili, mwaga maji hayo, chemsha kwa vikombe viwili vya maji mapya. Chumvi hapana, na kitunguu hapana kabisa, kinaharibu damu ya paka. Changanya na nyama ya kuku siku nyingine, samaki peke yake hawatoshi. Badilisha polepole kwa siku 7 hadi 10. Paka akigoma kula siku mbili, ini linaingia hatarini.

Mama Chui (Ujiji)
Asanteni. Ametoa mkojo kidogo sasa hivi, tumbo ni laini. Na ndimu kwenye maji yake? Jirani ameshauri.

Mifugo Tabora
Usiweke. Atayakataa maji, na kama vijiwe vyake ni vya oksaleti (aina nyingine, siyo struvaiti), asidi haivisaidii. Magadi nayo usiweke: yanapunguza asidi ya mkojo, ndiyo mabaya zaidi kwa struvaiti.

Kuhusu sindano: kwa paka chini ya miaka 10, bakteria ni nadra. Mara nyingi kibofu huvimba chenyewe, hasa paka akiwa na msukosuko, na hupoa ndani ya wiki hata bila dawa. Ndiyo maana antibayotiki inaonekana imetibu. Safari hii mkojo upimwe kwanza. Weka beseni tupu, safi na kavu, uvute kwa sirinji, ufike maabara ndani ya nusu saa. Ukipoa, hutengeneza fuwele ambazo mwilini hazikuwemo. Daktari akitaka kuotesha bakteria, atauchota mwenyewe kibofuni kwa sindano.

Nyumbani weka mabeseni mawili, mbali na chakula na mbali na kelele, mchanga uchotwe kila siku. Kama kuna dume wa jirani anayechungulia dirishani, ziba hilo dirisha kwa chini. Hesabu mabonge ya mchanga uliolowa kila asubuhi: chakula chenye maji kikikubali, yataongezeka na kuwa makubwa ndani ya siku chache.